MWEMBE, KISIMA NA TARAKILISHI

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walituachia msemo kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Tumezoea kuusikia dukani, mwenye duka akimkanya mwanawe asikopeshe sukari bila kuandika. Mimi leo nataka kuutoa msemo huo dukani niupeleke shambani, tena niushushe chini ya ardhi, mahali iliko akiba ambayo kila mtu anaichota na ni wachache mno wanaoiandika. Akiba hiyo ni maji ya visima vyetu.

Maoni yangu nayaweka mezani mapema, asije mtu akafika mwisho wa ukurasa akauliza, "Kwani huyu alikuwa anataka nini?" Nasema hivi: wakulima wa matunda wa pwani ya kusini, kuanzia Tiwi na Diani, Ukunda na Msambweni, hadi Lunga Lunga, na wale wa juu kule Shimba Hills, wanahitaji daftari la maji lililo ndani ya tarakilishi. Daftari hilo liwe la watu wote, lisomwe kwa lugha yao, na sisi wanafunzi tuwe miongoni mwa wanaoliandika.

Najua wapo watakaocheka. "Tarakilishi na mwembe wapi na wapi?" Watasema babu zetu walipanda ngowe, dodo na boribo, wakala, wakauza, wakatuachia, na hawakuwahi kuiona hata redio. Ni kweli kabisa. Lakini babu alimwagilia kwa ndoo na kamba, na mkono wa mwanadamu una kikomo chake. Ukichoka, unapumzika, na kisima nacho kinapumzika. Leo mtu anafunga pampu inayotumia jua, anabonyeza kidude, kisha anakwenda zake Ukunda kunywa chai. Hanunui dizeli, halipi bili ya stima, hapati hata jasho. Hakuna kinachomwambia, "Bwana, sasa yatosha." Ndiyo maana daftari ambalo babu hakulihitaji, sisi twalihitaji.

MAJI YETU YANAKAA WAPI?

Hebu kwanza tuijue ardhi tunayoikanyaga. Ukisimama ufuoni Diani, chini ya miguu yako ni mwamba wa matumbawe, uliojaa nyufa na mapango. Ukielekea bara unaingia kwenye michanga, kisha unapanda vilima vya Shimba. Mvua ya masika, Aprili hadi Juni, na ile ya vuli, Oktoba hadi Desemba, hunyonywa na michanga hiyo na matumbawe hayo. Maji hayo huteremka polepole kuelekea baharini, na njiani ndipo visima vyetu vinapoyadaka. Visima vya Tiwi vimewanywesha watu wengi wa pwani hii, na chemchemi ya Marere huko Shimba Hills ilipeleka maji Mombasa tangu zama za ukoloni. Si maji yote ya chini yanayonyweka, lakini. Huko bara, upande wa Mariakani, pana mahali paitwapo Maji ya Chumvi, na wanajiolojia walilichukua jina hilo wakaiita nalo miamba ya huko.

Sasa sikiliza jambo ambalo kila mkulima wa karibu na bahari angepaswa kulijua kama anavyolijua jina la mamake. Maji ya pepo, yaani yale matamu tunayokunywa, ni mepesi kidogo kuliko maji ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake chini ya ardhi, kama mafuta ya taa yanavyoelea juu ya maji katika chupa. Mholanzi aitwaye Badon Ghyben mnamo 1889 na Mjerumani Herzberg mnamo 1901, kila mmoja kwa njia yake, walifanya hesabu ya jambo hili. Uzito wa maji ya bahari ni kama 1.025 ukilinganishwa na 1 ya maji matamu. Chukua 1, ugawe kwa tofauti ya 0.025, unapata 40. Maana yake, kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo.

Hesabu hiyo inafurahisha ikiwa unaisoma kuelekea juu. Isome sasa kuelekea chini! Ukipiga pampu mpaka maji ya kisima yakashuka mita 1 tu, mpaka wa chumvi huko chini, baada ya muda, utapanda kama mita 40. Mita moja kwa arubaini, wenzangu! Mkulima anachungulia kisimani anaona maji yameteremka kidogo tu, anasema "si neno", kumbe huko chini bahari inapanda ngazi. Na ikishafika, haitoki kwa haraka. Maji yakimwagika hayazoleki, na kisima kikiingia chumvi, kukisafisha ni kazi ya miaka mingi ya mvua.

Nani ataumia kwanza? Mnazi huvumilia chumvi, ndiyo maana unaota hadi ufuoni. Mchungwa hauvumilii, na mwembe nao ni dhaifu mbele ya chumvi. Na kabla ya miti hiyo kuumia, ataumia yule mama mwenye mtungi wa lita ishirini anayetegemea kisima cha jirani. Hapo ndipo ninaposema suala hili si la wakulima peke yao.

DAFTARI LA MCHUNGWA MMOJA

Twende kwenye hesabu. Usikimbie, ni hesabu ya kujumlisha na kutoa tu.

Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuseme katika siku ya kiangazi jua na upepo wa kwetu vinaweza kuondoa milimita 5 za maji kutoka kwenye nyasi fupi zilizonyweshwa vizuri. Nyasi hizo ndizo kipimo cha wataalamu, kama vile kibaba kilivyo kipimo cha sokoni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa kitabu chake nambari 56 mnamo 1998, na humo mchungwa uliokomaa, wenye kivuli kinachofunika sehemu kubwa ya shamba lisilo na magugu, umeandikiwa 0.65 ya kipimo hicho katikati ya msimu. Basi 5 mara 0.65 ni milimita 3.25 kwa siku.

Mkulima wetu ana michungwa 100, aliyoipanda mita 6 kwa mita 6. Kila mti umekalia mita za mraba 36. Zidisha kwa 3.25, unapata lita 117 kwa mti mmoja kwa siku. Kwa miti 100 ni lita 11,700, yaani mitungi 585 ya lita ishirini. Kila siku! Pampu ya mkono ikitoa lita 1,000 kwa saa, mtu atapiga karibu saa kumi na mbili bila kupumzika hata kwa sala. Sasa unaelewa kwa nini wengi wanakata tamaa, na kwa nini wachache wenye pampu kubwa wanachota bila kuhesabu.

Lakini je, mti unahitaji kunyweshwa kila siku? La hasha! Ardhi nayo ni mtungi. Kitabu hicho hicho kinatuambia kwamba mita moja ya kina cha mchanga hushika milimita 50 hadi 110 za maji ambayo mti unaweza kuyanyonya, na udongo wa mfinyanzi 120 hadi 200. Tuseme mchanga wetu unashika 80 na mizizi imeshuka mita moja. Mchungwa unaweza kutumia nusu ya akiba hiyo kabla ya kuanza kuteseka. Nusu ya 80 ni 40, na 40 gawa kwa 3.25 ni siku 12. Kwenye mfinyanzi unaoshika 160, ni siku 24. Ikinyesha mvua ya milimita 20 katikati, na isitiririke ikapotea, mkulima anaongezewa siku 6.

Tazama basi. Yule anayefungulia maji kila asubuhi wiki moja baada ya mvua kubwa anamimina maji katika mtungi uliojaa. Maji yanapita mizizi yanakwenda zake chini, na yanabeba mbolea aliyoinunua kwa pesa. Yule mwenye mfinyanzi anayemuiga jirani yake mwenye mchanga anaozesha mizizi. Wote wawili ni watu wenye bidii na hakuna mvivu kati yao. Wanachokosa ni daftari.

Na mwembe ni wa ajabu zaidi. Mwembe hupenda kukaushwa kidogo ndipo utoe maua. Ukiulowesha wakati unaotakiwa kuwa mkavu, unakuzawadia majani mabichi ya kupendeza na kivuli cha kulalia, lakini maembe huyaoni. Wakulima wa zamani walilijua hilo kwa macho. Huko Australia, katika miaka ya 1980, watafiti wa mji wa Tatura walionyesha kwa vipimo kwamba mapichi na mapea yanaweza kupunguziwa maji katika kipindi fulani cha ukuaji, matawi yakapungua urefu, na mavuno yasipungue. Maana yake ni kwamba kuna maji ambayo mti hauyahitaji wakati fulani. Anayeujua wakati huo anaokoa maji na anavuna vilevile.

KIELELEZO NI NINI BASI?

Hesabu niliyoifanya hapo juu ndiyo kielelezo. Hamna uchawi. Maji yaliyoingia, utoe maji yaliyotoka, ubaki na akiba. Tarakilishi inaifanya hesabu hiyo kwa kila siku ya mwaka, kwa miaka thelathini, kwa mashamba mia, bila kupiga miayo. Na kwa kuwa haichoki, unaweza kuiuliza maswali ambayo huthubutu kuyauliza shamba lenyewe. Je, vuli ikikosa kabisa? Je, nikimwagilia nusu? Je, wakulima hamsini wakifunga pampu za jua kwenye kijiji kimoja, kisima cha msikiti kitakuwaje baada ya miaka kumi? Ukilifanya jaribio hilo katika shamba la kweli, utakuja kulijua jibu kisima kikishaharibika. Ndani ya tarakilishi, kisima kikiharibika unabonyeza na kuanza upya.

FAO ina programu iitwayo CROPWAT inayofanya hesabu ya mimea na maji. Kwa maji ya chini ya ardhi, idara ya jiolojia ya Marekani ilitoa programu ya MODFLOW mnamo 1984. Programu hiyo huikata ardhi katika vijisanduku, kama karatasi ya grafu ya somo la hisabati, kisha huhesabu maji yanavyohama kutoka kijisanduku hadi kingine. Zote mbili hutolewa bure, na kompyuta ya kawaida ya shule yaweza kuziendesha.

Na asikudanganye mtu kwamba mambo haya ni ya Wazungu na ya huko kwao tu. Fomula ya kukadiria maji yanayopotea hewani ilitungwa na Mwingereza Penman mnamo 1948, lakini kuihesabu kwa mkono kulikuwa adhabu. Mnamo 1965, mtafiti McCulloch alichapisha majedwali ya kuirahisisha hesabu hiyo katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, kutokana na kazi iliyofanywa Muguga, karibu na Nairobi. Kabla ya tarakilishi kuenea, Kenya ilikuwa tayari na majedwali ya kuhesabu maji ya mimea. Sisi ndio tuliolisahau daftari.

KWALE IMESHAPIMWA, JE, WENYEWE TUNAJUA?

Hapa ndipo panaponiuma. Kwale yetu ni mojawapo ya mahali palipochunguzwa sana katika Afrika kuhusu maji ya chini ya ardhi. Pampu ya mkono ya Afridev, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi, ilifanyiwa majaribio hapa hapa Kwale katika miaka ya 1980. Miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo katika mikono ya pampu hizo, vinavyotuma kwa mtandao wa simu habari za maji yanavyochotwa. Mnamo 2017 walichapisha jambo la kustaajabisha zaidi: kwamba mtikisiko wa mkono wa pampu unaweza kuifundisha kompyuta kukadiria maji yako kina gani. Pampu inayotikisika imegeuka kuwa mpiga ripoti!

Kuanzia 2015 hadi 2019, mradi uitwao Gro for GooD uliwaleta pamoja Oxford, Chuo Kikuu cha Nairobi, kile cha Jomo Kenyatta, na wenzao wa Barcelona, kuchunguza maji ya chini katika Kwale. Walikuwa na sababu. Mgodi wa titani ulianza kusafirisha madini mnamo 2014, nao ulijengewa bwawa la Mukurumudzi na visima virefu. Kilimo cha miwa, ambacho kilikufa na kiwanda cha Ramisi miaka ya 1980, kilifufuliwa kwa unyunyiziaji wa matone chini ya ardhi. Hoteli za Diani nazo zina mabwawa ya kuogelea na bustani zenye nyasi kijani kibichi mwaka mzima. Wote hao, pamoja na wanakijiji, walikuwa wakichota katika ardhi moja.

Watafiti hao walitengeneza vielelezo vya kompyuta, na katika makala waliyoyatoa mnamo 2019 walieleza jinsi walivyotafuta takwimu zilizokosekana. Walihoji watu visimani. Walitazama picha za setilaiti za Google Earth. Na ili kukadiria maji ya hoteli walitumia hata mtandao wa TripAdvisor, ule ambao watalii wanauandikia sifa na lawama za vyumba walivyolala. Pia walilinganisha hali kabla, wakati na baada ya ule ukame ulioanza 2016. Mimi nikisoma hayo nacheka, kisha nanyamaza. Nacheka kwa sababu ni ujanja mzuri: aliyekosa mwiko husonga kwa kijiti. Nanyamaza kwa sababu yanaonyesha kwamba rekodi za maji yetu wenyewe zilikuwa haba mpaka ikabidi zitafutwe kwa wageni wa hoteli.

Uchimbaji wa mgodi ulikoma Desemba 2024. Bwawa bado liko. Mashimo ya kupimia maji na vitabu vya vipimo vya miaka hiyo yote ni mali ya thamani kuliko mchanga uliobebwa. Maoni yangu ni kwamba vipimo vya maji vilivyokusanywa na kampuni zote kubwa, za madini, za miwa na za hoteli, viwekwe mahali ambapo kaunti, vyama vya watumiaji wa maji na shule zinaweza kuvisoma. Nasema hivyo bila kumlaumu mtu. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali kwa uchotaji mkubwa, na inayatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani kabla ya mengine yote. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo utailindaje kama hujui kisima kilikuwaje mwaka jana?

TUWASIKILIZE WANAOPINGA

Mgala muue na haki umpe. Wanaopinga wana hoja tatu, na si za kupuuzwa.

Ya kwanza: tarakilishi hukosea. Ni kweli, hukosea, na huku kwetu ina sababu za kukosea. Mwamba wa matumbawe una mapango, na maji ndani yake hayatembei kwa adabu kutoka kijisanduku hadi kijisanduku. Yanaweza kukimbia kwenye ufa mmoja na kuuacha wa jirani mkavu. Hata ile hesabu ya 1 kwa 40 hudhani kwamba maji yametulia tuli. Tena kielelezo ni kama kinu, ukitia pumba hutoi unga. Lakini hoja hii inanisaidia mimi! Kama kielelezo kinakosea kwa kukosa vipimo, dawa yake ni vipimo zaidi. Kutupa kinu hakumpi mtu unga.

Ya pili: watu hawana maji ya kunywa, wewe unatuletea habari za miembe. Ndugu yangu, kisima ni kimoja. Maji ya mwembe na maji ya mtungi yanatoka shimo moja. Daftari lisiloandika mwembe haliwezi kumlinda mwenye mtungi. Na tukumbuke kwamba karo za baadhi yetu zilitoka kwenye magunia ya machungwa ya Shimba Hills na maembe ya Msambweni. Shamba likikauka, kijana anapanda matatu kwenda Likoni kutafuta kibarua, na anayebaki nyumbani ni bibi peke yake na pampu.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kielelezo ni silaha ya mkubwa. Kampuni inaleta ripoti nene ya Kiingereza yenye michoro ya rangi, inasema kompyuta imeonyesha hakuna madhara, na mzee wa kijiji hana la kujibu. Atajibuje picha ya rangi? Hoja hii naikubali yote. Na kwa kuikubali ndio nazidi kushikilia msimamo wangu. Aliye na daftari peke yake ndiye mwenye usemi wa mwisho katika kila ugomvi wa deni. Tukikataa kujifunza daftari kwa sababu mwenye duka analitumia vibaya, tutaendelea kulipa madeni tusiyokopa. Dawa ni kuwa na daftari la pili, letu, tuyaweke mawili hayo pamoja tuone kama yanapatana.

TUFANYE NINI?

Sitaki kuwa yule mtu anayelalamika kisha anakwenda zake. Nina mapendekezo manne, na matatu kati yake hayahitaji pesa nyingi.

Mosi, shule yetu ipime mvua kila siku saa tatu asubuhi, sikukuu na likizo zikiwemo. Kipimamvua chaweza kutengenezwa kwa chupa ya plastiki na rula. Wanafunzi wa jiografia wanasoma habari za kituo cha hali ya hewa kitabuni, basi wakifanye kiwe kweli.

Pili, tuteremshe kamba yenye alama katika visima vichache vilivyo wazi vya jirani zetu, kwa idhini yao, mara moja kila wiki, tuandike kina cha maji. Pale penye uwezekano tupime na chumvi. Mradi wa Gro for GooD ulifanya kazi na vilabu vya maji katika shule za sekondari za hapa Kwale, kwa hiyo njia imeshakanyagwa. Tukianza mwaka huu, mwanafunzi atakayejiunga na shule yetu miaka minne ijayo atakuta takwimu ambazo hata chuo kikuu kitazitamani. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, wenzetu wa chama cha tarakilishi waiweke ile hesabu ya mchungwa katika lahajedwali ya kawaida: tarehe, mvua, maji yaliyotumiwa na mti, maji yaliyomwagiliwa, akiba. Safu tano tu. Mkulima aje na aina ya udongo wake na idadi ya miti yake, aondoke na karatasi inayomwambia angoje siku ngapi. Asipoamini, afukue kwa jembe aone kama chini kuna unyevu. Mkulima asiyeamini upesi ndiye atakayetusaidia kurekebisha kielelezo.

Nne, na hili ni letu sisi wa Chama cha Kiswahili. Maneno! Mambo haya yote yameandikwa kwa Kiingereza kigumu. Nani atayaleta kwenye lugha ya baraza na ya kisimani? Sisi hapa. Tuwaendee wazee wa Msambweni na Tiwi, tuwaulize wanaitaje maji yanayopanda kwa kujaa kwa bahari, wanaitaje mchanga unaoshika maji na ule usioshika. Mswahili asema maji, Mdigo na Mduruma wasema madzi, na lugha zote hizi zina hazina ya maneno ya visima kuliko kamusi zetu zinavyoonyesha. Kielelezo kisichosomeka kwa mwenye shamba ni barua iliyopotea njiani.

Walimu wetu wapendwa, msione kwamba haya yatatutoa kwenye masomo. Hesabu imo, fizikia imo, jiografia imo, kilimo kimo, na Kiswahili kimo cha kutosha. Wenzangu nanyi, msiseme ni kazi ya serikali. Serikali inayo sehemu yake na tuidai, lakini kisima kiko uani kwetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kuizuia bahari isiingie kisimani hakuna fundi anayejua kuujenga.

Wahenga walisema tena, maji ya kifuu bahari ya chungu. Kwa chungu yule mdogo, maji ya kifuu hayana mwisho, na ndivyo tunavyoyaona maji yaliyo chini ya miguu yetu. Kalamu naiweka chini hapa. Anayetaka kunipinga, kurasa za toleo lijalo ziko wazi, ila namwomba aje na vipimo. Na anayetaka kushika ile kamba yenye alama, tukutane kisimani.